Alijua, Akanyamaza

"Ukimwona mwanamke mwenye mimba njiani, unaumia?" Nesi Kuo aliuliza. "Sifuri maana yake huumii hata chembe. Tano maana yake unaumia sana."

"Sifuri," Tsai Yun-Ju alijibu, akatabasamu.

"Ukialikwa kwenye sherehe ya mtoto wa mtu, unatamani usiende?"

"Sifuri. Leo hii tukitoka hapa tunakwenda kwenye sherehe ya mtoto wa shemeji yangu. Anatimiza mwezi."

"Hongereni," nesi alisema, kisha akainama haraka kwenye karatasi yake kama aliyejikwaa.

Alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, miwani imening'inia kifuani. Pale kliniki kazi yake haikuwa kuchoma sindano. Aliwahoji wanawake waliokuwa wakitibiwa ili wapate mimba, kupima ni msongo gani wanaoubeba moyoni, kwa sababu madaktari walikwisha kuona kwamba wako wanaoacha matibabu katikati, si kwa kuwa mwili umekataa, bali kwa kuwa roho imechoka.

"Mamamkwe wako akikuuliza habari za mtoto, inakukera?"

"Mama hana neno. Weka sifuri." Yun-Ju alifikiri kidogo. "Au weka moja, isije ikaonekana nadanganya."

Nesi Kuo aliweka moja. Wa namna hii alikwisha kuwaona wengi. Wanakuja wamejipaka poda vizuri, wamefunga kitambaa shingoni, na majibu wameyaandaa toka nyumbani. Akaendelea kuuliza, na Yun-Ju akaendelea kujibu sifuri, moja, sifuri, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Yote yalikuwa uongo. Yun-Ju alikuwa akivuka barabara akiona kigari cha mtoto mchanga kinakuja upande wake. Duka la miwani alimofanya kazi lilitazamana na duka la nguo za watoto, naye alikwisha kumwomba mwenye duka amhamishie meza nyuma, akasingizia jua. Lakini uongo huu alikuwa ameuzoea. Alimwambia dada yake, aliwaambia wenzake kazini, alijiambia mwenyewe kwenye kioo. Angeanzaje leo kumwambia ukweli mtu aliyeshika kalamu?

Mlango ukagongwa, akaingia mumewe, Hung Po-Wei, amebeba mfuko wa dawa alizotoka kuchukua dirishani. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kidogo, mikono myekundu ya mtu anayeshinda kwenye barafu na samaki. Yeye na mama yake walikuwa na duka la uji wa wali na samaki karibu na soko la mji wa Tainan, duka ambalo watu hupanga foleni kabla jua halijachomoza.

Ni kwenye foleni hiyo Yun-Ju alimpata. Enzi hizo alikuwa mpangaji kichochoro cha pili. Kila akiagiza uji, kijana wa nyuma ya sufuria alimwekea kipande cha tumbo la samaki, pale penye mafuta, panapogombaniwa na wateja. Hakusema kitu. Hakumkonyeza, hakumwuliza jina. Siku Yun-Ju alipougua mafua asitokee, jioni alikuta bakuli lililofungwa vizuri mlangoni kwake, bado la moto. "Huyu," alimwambia dada yake kwenye simu, "hana maneno. Wanaume wenye maneno nimewachoka." Akampenda kwa kimya chake, akaolewa nacho.

"Bwana Hung, umefika wakati mzuri," Nesi Kuo alisema. "Waume nao tunawauliza. Maswali ni yale yale, ila wewe hujibu ya kwako. Unajibu unavyodhani mkeo anajisikia. Bi Tsai anaweza kusubiri nje."

"Abaki tu," Po-Wei alisema. "Hatufichani kitu."

Yun-Ju alimtania. "Atakosa yote, nesi. Huyu hata nikikata nywele haoni."

"Waume wengi hukosa," nesi alicheka. "Haya. Mkeo akimwona mwanamke mwenye mimba, anaumia?"

"Tano," Po-Wei alisema.

Tabasamu la Yun-Ju likafutika.

"Akialikwa kwenye sherehe za watoto?"

"Tano. Anakwenda, lakini usiku wa kuamkia sherehe hapati usingizi. Anapiga pasi nguo ambazo zimekwisha kupigwa pasi."

"Mama yako akimwuliza habari za mtoto?"

Po-Wei aliuangalia mfuko wa dawa mapajani mwake. "Kuna namba zaidi ya tano?"

"Hakuna."

"Basi tano. Mama akisema neno, A-Ju," alisema, akimtaja mkewe kwa jina la nyumbani, "anacheka. Halafu anakwenda bafuni, anafungulia maji. Anadhani sisikii. Akitoka macho yamevimba, anasema ni sabuni."

"Je, anahisi yuko peke yake katika jambo hili?"

Nje mtu alikuwa akiita jina la mgonjwa mwingine.

"Ndiyo," Po-Wei alisema polepole. "Nadhani yuko peke yake."

Nesi Kuo aliziweka karatasi mbili sambamba, akavaa miwani. "Majibu yenu hayafanani hata moja," alisema kwa upole. "Mara nyingi tatizo huwa kinyume chake. Mke anasema anaumia, mume anasema mke hana neno." Alimtazama Yun-Ju kwa muda. "Bi Tsai, ungependa kubadilisha majibu yako?"

Yun-Ju alitikisa kichwa tu. Angefungua mdomo, angelia.

Nesi hakumlazimisha. Aliwakumbusha mambo ya wiki ijayo. Kiinitete kilichobaki, ile mimba changa iliyotungwa maabara, ni kimoja, kimehifadhiwa kwenye barafu, na daktari angekipandikiza Jumatano. Akawasomea, kama anavyowasomea wote kabla hawajatia sahihi, kwamba kiinitete hicho ni cha mke na mume kwa pamoja. Ndoa ikivunjika kabla hakijapandikizwa, sheria inataka kiharibiwe. "Lakini nyinyi haliwahusu hilo," alisema akifunga faili. "Mume anayemjua mkewe hivi sijamwona siku nyingi."

Kwenye ngazi Yun-Ju aliushika mkono wa mumewe, akaubana. Kwenye pikipiki alimkumbatia kiuno kwa nguvu, shavu likalala mgongoni mwake, jambo ambalo hakulifanya tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Aliona. Miaka yote hii kumbe alikuwa akiniona! Moyo wake ulijaa utamu ambao alidhani umekwisha kukauka, na Po-Wei naye, akihisi joto lile, akaweka mkono wake mmoja juu ya mikono ya mkewe pale kiunoni mpaka taa nyekundu ilipowaka.

Walisimama. Mbele yao mwanamke mmoja alikuwa akivuka na mtoto begani, na Po-Wei, bila kusema lolote, akasogeza bega lake kidogo kumkinga mkewe asimwone.

Hapo ndipo ule utamu ulipochacha.

"A-Wei. Simamisha."

"Hapa?"

"Pale kwenye kivuli. Simamisha."

Aliegesha chini ya baraza ya duka lililofungwa. Yun-Ju alishuka, akavua kofia ngumu.

"Umejua tangu lini?"

"Nini?"

"Yote. Bafuni. Maji. Pasi."

Po-Wei alikwaruza ukucha kwenye usukani. "Tangu ile mimba ya kwanza ilipotoka."

"Kwa hiyo siku Mama aliponiita shamba la chumvi, lisiloota kitu, mbele ya wateja, ulijua kwamba nimesikia?"

"Nilijua."

"Nilidhani umezidiwa na kelele za sufuria."

"Nilisikia, A-Ju."

"Na mwaka mpya, alipompa Chia-Ling, mke wa mdogo wako, kiti changu akae karibu naye, mimi nikaambiwa nikale jikoni?"

Po-Wei aliinamisha macho.

Yun-Ju alicheka, kicheko kikavu. "Unajua nilikuwa najiambia nini miaka yote hii? Nilikuwa nasema, masikini A-Wei, haoni. Wanaume hawana macho ya mambo haya. Angekuwa anajua, angesema. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu ya usingizi. Nimekusamehe kila siku kwa sababu hujui."

"Ningefanya nini? Yule ni mama yangu. Baba amekufa sijaota ndevu, ametulea kwa kisu na kibao cha samaki. Nimjibu mbele za watu?"

"Sijakuambia umtukane."

"Nikimjibu atazidi. Nilidhani nikinyamaza, yanapita."

"Yanapita wapi? Yanapita kwangu." Alifuta pua kwa kiganja. "Daktari alituambia nini? Mbele yako alisema nini?"

"Kwamba hajaona kasoro."

"Kwa nani?"

"Kwako wala kwangu."

"Mama anajua hivyo?"

Po-Wei alirudia kukwaruza usukani.

"Nataka sentensi moja tu, A-Wei. Moja. Leo akianza, mwambie daktari hajaona kasoro kwa A-Ju, na hutaki kusikia tena. Mengine yote nitayabeba. Sindano nitachoma mwenyewe. Supu zake za mizizi nitakunywa. Nipe sentensi hiyo moja."

Po-Wei alimtazama. Macho yake yalikuwa mazuri, hilo halikubadilika. "Nitasema."

"Apa."

"Naapa, A-Ju. Akianza tu, nitasema."

Alimvalisha kofia mwenyewe, akamfunga kamba ya kidevuni kwa vidole vyake vikubwa, taratibu, na Yun-Ju akamwamini. Kumwamini ndiyo ilikuwa raha yake ya mwisho siku ile.

* * *

Duka lilikuwa limefungwa kwa sherehe. Meza zilikuwa zimeunganishwa, juu yake kuku wa mafuta ya ufuta, wali wa mafuta uliojaa uyoga na kamba, na bakuli kubwa la mayai yaliyopakwa rangi nyekundu. Po-Han, mdogo wake Po-Wei, alikuwa akigawa mayai kwa majirani huku akicheka hovyo. Mkewe, Chia-Ling, amekaa karibu na feni na mtoto mikononi. Alikuwa msichana mwema, aliyepauka kwa uchovu.

"Dada!" aliita alipomwona Yun-Ju. "Njoo umwone. Ana pua ya shemeji Po-Wei kabisa. Mshike, mimi mikono imekufa ganzi."

Yun-Ju alisogea. Mtoto alikuwa amelala, midomo inanyonya hewa. Alinyoosha mikono.

"Asimshike," sauti ikatoka jikoni.

Mama Hung alitokea na sahani ya samaki, aproni kiunoni. Alikuwa mfupi, mkakamavu, nywele zimepakwa rangi nyeusi ti, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na soko zima.

"Mama, amenawa," Chia-Ling alisema.

"Sijasema habari ya kunawa. Mwili umejaa madawa yale, linatoka jasho la hospitali. Mtoto mchanga ananusa. Kaa, A-Ju, ule. Wewe unahitaji kula kuliko wote humu, na hakuna kinachoonekana."

Majirani wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaokula chakula cha mtu. Yun-Ju aliirudisha mikono yake. Akamtazama mumewe.

Po-Wei alikuwa akimenya yai.

Bado, Yun-Ju alijiambia. Anasubiri apate nafasi. Akaketi upande wake, goti lake likagusa la mumewe chini ya meza.

Mama Hung alipakua, akala kidogo, akaweka vijiti chini. Alikuwa na jambo. "Nimezungumza na Po-Han," alisema. "Mungu akijalia, huyu mtoto akipata ndugu, wa pili tutampa A-Wei. Aandikwe kwa jina lake. Mtoto wa kwanza wa nyumba hawezi kufa bila mtoto wa kumchomea ubani kaburini. Mimi nitamwambia nini baba yenu nikikutana naye huko?"

Chia-Ling aliinua kichwa ghafla. Ilionekana wazi kwamba yeye hakuna aliyezungumza naye.

"Mama," Yun-Ju alisema kwa upole, "bado tuna kiinitete kimoja. Jumatano daktari anakipandikiza."

"Kile cha kwenye friji?"

"Kimehifadhiwa vizuri, Mama."

"Mwanangu, mimi nimeuza samaki maisha yangu yote. Kwenye friji watu wanaweka samaki. Wajukuu hawawekwi huko." Safari hii meza nzima iliangua kicheko, na Mama Hung, akipata joto la kicheko, akaendelea. "Na hata samaki, ukimtoa kwenye barafu ukamtia kwenye sufuria mbovu, uji hauwi. Si kosa la samaki."

Hata majirani walisikia kwamba hilo limezidi. Po-Han alitazama dari. Chia-Ling alimwita "Mama" kwa sauti ndogo, akaishia hapo.

Yun-Ju hakumtazama mamamkwe. Alimgeukia mumewe, mwili mzima, waziwazi, wote waone anamngoja nani. Uso wa Po-Wei ulikuwa umekuwa mwekundu mpaka masikioni. Midomo ikafunguka.

Kisha akanyoosha vijiti vyake kwenye sahani ya samaki, akachagua kipande cha tumbo, pale penye mafuta, akakiweka taratibu kwenye bakuli la mkewe.

"Kula," alisema kwa sauti ya chini. "Kinapoa."

Yun-Ju alikitazama kile kipande. Mafuta yalikuwa yakisambaa juu ya wali. Akainuka.

"Mama," alisema, na sauti yake haikutetemeka, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe, "daktari hajaona kasoro kwangu. Amenipima kila mahali mtu anapoweza kupimwa. Mwanao anajua. Alikuwepo. Ameamua usijue." Akamgeukia Chia-Ling. "Mtoto wako ni mzuri sana. Usikubali wakupangie wa pili."

Akachukua mkoba wake, akapita katikati ya meza, hakuna aliyemzuia.

* * *

Po-Wei alimkuta uani nyuma ya duka, kwenye ndoo za barafu, akihangaika na ufunguo wa mlango mdogo ambao siku zote hukwama.

"Nilikuwa naanza kusema," alisema akihema. "Ulikuwa huna subira. Nilikuwa natafuta maneno."

"Nilikupa maneno. Nilikupa yote, ulikuwa huna hata kazi ya kuyatafuta."

"Mbele ya majirani, A-Ju! Angeaibika."

"Na mimi?"

"Wewe una nguvu."

Yun-Ju aliacha ufunguo. "Nani kakuambia nina nguvu?"

"Nakuona. Miaka yote hii unavumilia."

"Nesi alikuuliza kama niko peke yangu, ukajibu ndiyo. Ulijibu kama mtu anayetaja hali ya hewa. Umekaa dirishani unaniangalia nanyeshewa, unajua maji ni ya baridi kiasi gani, unajua yamenifika wapi, na mwavuli uko mkononi mwako. Usingejua, A-Wei, ningekupenda mpaka kesho. Mtu asiyejua nitaishi naye. Anayejua, naishije naye?"

"Nakupenda."

"Najua. Ndiyo inayonichoma."

Alijaribu kumshika. Yun-Ju alirudi nyuma, kisigino kikagonga ndoo, vipande vya barafu vikamwagika sakafuni.

"Nakwenda kwa dada, kule Hengchun," alisema. "Usinifuate."

"Kwa siku ngapi? Jumatano je?"

"Sirudi, A-Wei. Nataka tuachane."

Alimwona akibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Po-Wei alisema bila kutafuta neno, bila kukwaruza kitu kwa ukucha, bila kuinamisha macho.

"Ukiondoka, unajua kile kiinitete kitafanywa nini."

Lilipotoka, yeye mwenyewe alishtuka, akaweka mkono mdomoni. "A-Ju, sikukusudia…"

"Ulikusudia."

"Nimeogopa tu. Limenitoka."

"Ndiyo. Limekutoka. Kwa hiyo sauti unayo." Yun-Ju alitikisa kichwa, machozi yakimtoka sasa pasipo kuyaficha. "Mama yako ananiita sufuria mbovu, unamenya yai. Mimi nasema naondoka, unaongea vizuri, sentensi nzima, na umechagua mahali pa kuchoma. Yule ni mtoto wangu. Ndiye wa mwisho. Unadhani sikumfikiria kabla sijainuka pale mezani? Unadhani mimi nimeinuka hivi hivi?"

Po-Wei alipiga magoti kwenye barafu iliyomwagika. Alilia kama analilia maiti. Alimwita kwa majina yote aliyowahi kumwita, na lile la faragha, la usiku. Yun-Ju alitaka kumshika kichwa. Mkono ulinyanyuka wenyewe, ukafika karibu na nywele zake, na huko ndani ya duka sauti ya Mama Hung ikapaa: "A-Wei! Wageni wanaondoka, njoo uwaage!"

Na Po-Wei, bado amepiga magoti, bado analia, aligeuza kichwa upande wa sauti.

Yun-Ju alirudisha mkono. Akasukuma mlango kwa bega, ukafunguka.

* * *

Huko Hengchun dada yake alilima vitunguu. Yun-Ju alivuna naye mpaka mikono ikanuka, akala, akalala, akalia. Jumatano ilipofika alikaa kwenye tuta tangu asubuhi mpaka jioni. Po-Wei alipiga simu kila siku. Hakusema mengi, mara nyingi alikuwa akipumua tu mpaka mmoja wao akate. Nesi Kuo naye alipiga mara moja.

"Sikupigii kukushawishi," nesi alisema. "Nakuuliza tu una mtu wa kukaa naye."

"Ninaye."

"Umelala?"

"Jana nimelala." Kisha Yun-Ju akauliza, "Watakitoa lini?"

"Mkishaandikisha talaka. Watakitoa kwenye barafu, kitajifia chenyewe. Haichukui muda. Ukitaka nitakuwepo, nisiache kiwe peke yake."

"Uwepo," Yun-Ju alisema. "Tafadhali."

Mvua za mwisho wa masika zilipokoma ndipo walipokutana Tainan, kwenye ofisi ya kuandikisha ndoa na talaka. Mashahidi walikuwa dada yake na Po-Han. Karani aligonga mihuri yake, akawarudishia vitambulisho, akaita namba inayofuata. Waliokuwa wakifuata walikuwa kijana na msichana wenye maua, wamekuja kuoana.

Nje, chini ya mti uliokuwa ukipukutisha maua mekundu, Po-Wei alimwomba dakika moja. Alikuwa amekonda. Dada na Po-Han wakasogea kando.

"Jana nimemwambia Mama," alisema.

"Umemwambia nini?"

"Kila kitu. Wakati wa kufungua, foleni imejaa. Nimezima jiko. Nimesema, Mama, daktari hajaona kasoro kwa A-Ju. Nimesema umemtesa mke wangu miaka sita na mimi nimekusaidia kumtesa, kwa sababu nilikaa kimya. Nimesema sitaki mtoto wa Po-Han, mtoto wangu nilikuwa naye, na kesho anakufa, na tumemuua wewe na mimi, si yeye. Nimesema sitasikia tena jina la A-Ju likitajwa vibaya kwenye nyumba ninayoishi mimi."

Yalikuwa maneno mazuri. Yun-Ju aliyasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, bila kumkatiza, maana ndiyo aliyoyangoja ujana wake wote, na yalikuwa yamekamilika, halikukosekana hata moja.

"Mama akasema nini?"

"Hakusema kitu. Amekaa kwenye kigoda, amelia. Wateja wameondoka."

"Umefanya vizuri, A-Wei."

"Je, kama ningeyasema siku ile?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Siku ya sherehe. Kama ningeyasema yale yale?"

Yun-Ju alimtazama. Macho bado yalikuwa mazuri. Alimpangusa ua jekundu lililomwangukia begani, kwa vidole vilivyokuwa bado vinanuka vitunguu, akalidondosha chini.

"Ningezeeka na wewe," alisema.

Po-Wei alifungua mdomo aseme neno.

Safari hii Yun-Ju hakumngoja.